Vitabu Vilivyomnyima Mzee Usingizi

Jengo lilikuwa limepakwa rangi mpya upande wa mbele tu, ule utakaotokea kwenye picha za Jumamosi. Inspekta alilizunguka mara moja kabla ya kuingia, maana ndivyo alivyozoea kufanya kwa nyumba yoyote iliyoibiwa. Huko nyuma aliukuta ukuta ule ule wa kijivu, na bomba la maji ya mvua bado limefungwa kwa waya mahali pale pale lilipofungwa yeye akiwa mwanafunzi wa mwaka wa pili. Miaka ishirini na minane imepita na hakuna aliyepata nafasi ya kulifunga vizuri. Alijikuta anatabasamu peke yake. Akajikanya, akatoa daftari, akaingia ndani.

Juu ya mlango herufi za shaba zilitangaza kwamba hili ni Jengo la Kumbukumbu la Mkuu wa Pili wa Chuo. Hakuna mwanafunzi aliyewahi kuliita hivyo. Wote waliliita Kwa Mzee. Enzi zile lilikuwa jengo la utawala, na Mzee aliketi ghorofani miaka kumi na tisa mfululizo, akiwa na kiti kile kile na kofia ile ile. Alipofariki, utawala ukahamia kwenye jengo jipya lenye lifti, na hili likapewa jina lake. Chini pakawa chumba cha kusomea. Juu, ofisi yake ikaachwa kama alivyoiacha, watu waje kuitazama.

Msajili wa chuo alikuwa anamsubiri kwenye ngazi. Alikuwa mtu wa haraka, hata salamu aliitoa akiwa amekwisha kugeuka kuondoka.

"Kesi yenyewe nyepesi, Afande," alisema wakipanda. "Chumba kina ufunguo mmoja. Ufunguo una mwenyewe. Kitu hakipo. Ningekuwa mimi ningemaliza kabla ya chai."

"Mbona mmeniita basi?"

"Kamati ya nidhamu inakaa saa nane, na inataka karatasi ya polisi. Mama huyu mwenye ufunguo amebakiza miezi mitatu kustaafu. Akiondoka kwa kosa la wizi, kiinua mgongo hapati, na nyumba ya chuo anahama mwisho wa mwezi. Sasa jambo kama hilo huwezi kulifanya kwa maneno matupu."

"Kitu chenyewe ni nini hasa?"

"Shajara ya Mzee. Ile ya mwaka wake wa mwisho."

Alieleza huku anahema. Jumatatu walifanya orodha ya vitu vyote vya ofisini, kwa ajili ya sherehe ya miaka ishirini ya jengo kupewa jina lake. Nyuma ya vitabu, kwenye kabati, wakakuta daftari jeusi ambalo Mzee mwenyewe alilificha pale. Chuo kikaamua lifunguliwe Jumamosi mbele ya wageni, liwekwe kwenye kioo, na kurasa zake zichapwe kwenye kijitabu. Jumatano asubuhi Msajili alikuja na mpiga picha, akaingiza mkono nyuma ya vitabu, akatoka na vumbi.

"Nani walijua daftari lipo pale?"

"Mimi. Mama Funguo, aliyetufungulia mlango. Mkutubi wa chini, aliyetupigia chapa ile orodha. Na mtoto wa marehemu, tulimwandikia barua kumjulisha. Huyo amekuja kuliulizia mara mbili, na Jumanne mchana alionekana anatoka hapa na begi. Mimi sisemi kitu, nakupa habari tu."

Mama Funguo alikuwa ameketi nje ya mlango wa tatu, kwenye kiti cha wageni. Alikuwa mfupi, mnene kiasi, amevaa koti la bluu la wahudumu lililofuliwa mpaka kola ikawa nyeupe. Kiunoni, mahali palipozoea kuning'inia funguo, kitambaa kilikuwa kimechakaa. Funguo zenyewe Msajili alikuwa amezichukua jana.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu." Alimtazama kwa makini. "Wewe ni yule wa ndoo."

Inspekta hakutegemea. Akasikia masikio yanapata moto kama mtoto wa shule.

"Bado unakumbuka?"

"Nitasahau vipi? Wasichana mia mbili wamejipanga kwenye ngazi zangu na ndoo tupu, kila mmoja anaipiga ukutani. Ngazi nilikuwa nimetoka kuzipiga deki. Na wewe ndiye uliyekuwa mbele, mwembamba kama ufagio, unapiga kelele kuliko wote."

"Bwenini hakukuwa na maji wiki tatu, Mama."

"Najua. Na siku ya pili yake maji yalitoka. Lakini deki yangu hakuna aliyenirudishia."

Msajili alikohoa. Inspekta akamwomba amfungulie chumba, kisha akamwomba ateremke akawasubiri chini. Hakupenda, lakini alishuka.

Alianza na mlango. Kitasa kizima, hakuna mkwaruzo. Dirisha moja, la vipande vya vioo vilivyolazwa, na vumbi la wiki nzima juu yake bila alama ya kidole. Aliyeingia aliingia kwa ufunguo. Kofia ilikuwa msumarini. Miwani ilikuwa mezani, imekunjwa, juu ya karatasi ya kukaushia wino. Harufu ilikuwa ile ile ya nta na karatasi kuukuu, na kwa sekunde moja Inspekta alirudi kuwa na miaka ishirini na moja, ameshika ndoo, anasubiri kuambiwa afungashe aende kwao.

Siku ile Mzee hakumfukuza. Alimsikiliza mpaka mwisho, akapiga simu moja, akamwuliza anasoma kitabu gani mbali na vya darasani. Mzee akamwonyesha kabati lenye rafu mbili ndefu zilizojaa. "Ya juu ni vilivyoninyima usingizi," alisema. "Ya chini ni vilivyonipa. Wewe bado kijana, chukua cha juu." Alichukua kitabu chembamba cha manjano, habari ya hakimu aliyemfunga mtu asiye na hatia na kuja kuligundua kosa mwenyewe. Alikisoma usiku mmoja. Alikirudisha kwa mkono wake, juu, karibu na dirisha, na kwa kweli kazi anayoifanya leo ilianzia pale. Alikuwa anampenda yule mzee. Hakuwahi kumwambia, na hakuja kwenye mazishi kwa sababu alikuwa kazini.

Sasa alisimama mbele ya kabati lile, mikono nyuma. Kitabu cha manjano kilikuwa rafu ya chini, mwisho kabisa kulia.

Akainama akaangalia vizuri. Majalada mekundu ya mikutano ya Baraza, ambayo Mzee aliyatania hadharani kwamba ndiyo dawa yake ya usingizi, yalikuwa rafu ya juu, upande wa kushoto, yamepangwa mwaka kwa mwaka. Baada yake vilifuata vitabu vingine, kwa majina ya waandishi, herufi kwa herufi, mpaka chini. Migongo yote ilikuwa imenyooka, imevutwa nyuma ya ukingo wa rafu kwa upana wa kidole kimoja. Hakuna kilichoegemea kingine.

"Mama Funguo."

"Abee."

"Vitabu hivi unavifuta vumbi mara ngapi?"

"Kila Ijumaa. Nakitoa kimoja, nakifuta, nakirudisha. Sichanganyi."

"Kwa hiyo mpangilio ni wa Mzee."

"Wa Mzee."

"Tangu Jumatatu kuna aliyeugusa?"

"Uko vile vile," alisema, upesi kidogo kuliko maneno mengine yote aliyoyasema asubuhi ile.

Inspekta aliandika jibu hilo kama lilivyo, hakubishana. Mtu aliyefuta vitabu hivi kila Ijumaa kwa miaka ishirini hawezi kukosa kuona kwamba rafu ya juu imeshuka na ya chini imepanda. Basi anadanganya. Lakini mtu anayedanganya ili ajiokoe hujitafutia mwizi mwingine. Kwa huyu mwizi mwingine alikuwepo, kaandikwa wazi kwenye rafu mbele yake, na yeye hataki aonekane.

"Ufunguo ulimpa mtu yeyote Jumanne?"

"Haujawahi kutoka kiunoni kwangu."

"Kamati inakaa saa nane, Mama. Unajua watakufanya nini?"

"Najua. Nimeanza kufunga vyombo." Alikaza macho kwenye kofia ya msumarini. "Andika tu, mwanangu. Usihangaike."

Inspekta alimkuta mtoto wa marehemu kwenye nyumba ya wageni ya chuo, barazani, anakunywa chai iliyokwisha kupoa. Alikuwa mhandisi wa madaraja, mtu mzima wa miaka hamsini na kitu, mwenye mabega ya baba yake. Alipoambiwa habari ya begi, alilivuta kutoka chini ya meza na kulifungua bila kuombwa. Lilijaa michoro ya daraja, penseli, na shati moja la kubadilisha.

"Natembea nalo kila mahali," alisema. "Mke wangu analiita mke mwenzangu."

"Uliingia ofisini kwa baba yako Jumanne?"

"Nilifika, nikakuta pamefungwa. Saa ya chakula. Nikashuka. Sikiliza, Afande, nikuambie kitu ambacho Msajili hapendi kukisema. Vitu vya chumba kile vyote ni vya familia. Chuo kimeazimwa, na hati ipo. Nikitaka shajara naandika barua, natia sahihi, naondoka nayo mchana kweupe. Sasa niibe changu, kwa faida gani?"

"Mbona hujaandika hiyo barua?"

"Waliniomba nisubiri sherehe ipite. Nikaona haya kuwaharibia."

"Baba yako alipangaje vitabu vyake?"

Akatikisa kichwa.

"Sijui. Mimi nililelewa bweni, halafu nikaenda nje kwa masomo, halafu kazi. Ofisi ile niliingia labda mara nne maishani. Wanafunzi walimjua baba yangu kuliko mimi, na sikufichi, nilikuwa nawaonea wivu. Mwaka wake wa mwisho nilikuja mara moja, wiki moja tu. Ndiyo maana nataka lile daftari. Nataka kujua mwaka ule alikuwa anafanya nini."

Inspekta alimwamini. Mtu asiyejua mpangilio, akitafuta kitu kwa haraka, huacha fujo. Hapa aliyetafuta alikuwa ametoa vitabu mia mbili, akavirudisha vyote, na vikawa nadhifu kuliko mwanzo. Mwizi wa namna hiyo hayuko popote duniani, isipokuwa kwenye kazi moja. Alimwomba mhandisi awe Kwa Mzee saa saba na nusu, akarudi kwa miguu kupitia njia ya mabweni. Mabomba yalikuwa yanatoa maji.

Chumba cha kusomea kilikuwa na wanafunzi sita na feni moja. Kwenye meza ya mbele alikaa mkutubi ambaye vizazi vyote vya chuo vilimwita Shii, kwa sababu ya ile sauti. Alistaafu zamani, akaombwa aendelee, na yeye hakuwa na mahali pengine alipotaka kuwa. Umri ulikuwa umemkausha, lakini mgongo ulikuwa umenyooka vile vile.

"Inspekta," alisema kwa mnong'ono. "Ulikuwa unakula karanga dirishani, kule maktaba ya zamani."

"Mara moja tu."

"Mara sita. Nilihesabu maganda."

Pembeni kulikuwa na toroli la vitabu vilivyorudishwa. Inspekta alivuta kiti, akaketi, na huku anauliza habari za afya akachukua vitabu kumi na viwili bila kuchagua, akavitua mezani shaghalabaghala, vingine vimegeuka kichwa chini. Aliuliza habari za feni. Aliuliza kama wanafunzi wa siku hizi wanasoma. Shii alijibu kila swali kwa utulivu, macho yakiwa kwa mgeni, na mikono yake ikaanza kazi yenyewe. Ikageuza vilivyopinduka. Ikahamisha kimoja kushoto, viwili kulia. Ikavisimamisha, ikavivuta nyuma ya ukingo wa meza kwa upana wa kidole kimoja. Haikuchukua hata dakika mbili.

"Mama," Inspekta alisema, "tazama mikono yako."

Shii akatazama. Vitabu kumi na viwili vilikuwa vimesimama mbele yake, kwa majina ya waandishi, herufi kwa herufi.

"Na kule juu viko hivyo hivyo," Inspekta aliendelea, taratibu. "Vyote. Kasoro Mzee hakuvipanga hivyo."

Mkutubi alivua miwani, akaifuta kwa pindo la blauzi, akaivaa tena.

"Sikujua," alisema. "Kweli kabisa, mpaka ulivyosema sasa hivi sikujua. Nilivitoa vyote kulitafuta. Nilikuwa naogopa, masikio yangu yako ngazini. Nikavirudisha bila kuangalia."

"Saa ngapi?"

"Saa saba na dakika ishirini, Jumanne. Ufunguo hukaa kwenye msumari nyuma ya kabati langu kila saa ya chakula, endapo mgeni atatokea. Miaka ishirini sasa. Kanuni zinakataza, lakini Mama Funguo huenda kumpa mumewe dawa."

"Alijua unakwenda kuchukua?"

"Hapana. Aliligundua Jumatano, kabla ya Msajili. Alifungua mlango, akaitazama rafu, basi. Jana jioni nikapanda kumwambia kwamba kesho naenda kusema. Akaniambia, wewe umezoea kunyamazisha watu, leo nyamaza mwenyewe."

Alitaka kucheka, ikashindikana.

"Alisema yeye wanamfukuza kwenye kazi ya miezi mitatu," aliongeza. "Lakini Mzee watamfukuza kwenye heshima ya maisha yake yote."

"Kuna nini kwenye daftari lile, Mama?"

Shii aliwatazama wanafunzi sita, kisha akasogea karibu.

"Mwaka ule wa mwisho alikuwa anasahau. Mwanzoni vitu vidogo, miwani, tarehe. Halafu njia. Hotuba zake zote za mwaka ule niliziandika mimi, kwa herufi kubwa, na penye kutulia naweka alama nyekundu. Mama Funguo alikuwa anamfuata nyumbani asubuhi na kumrudisha jioni, watu wakidhani anambebea mkoba. Baraza halikujua. Familia haikujua. Siku moja alinishika mkono, akasema, wasinione hivi. Nikamwahidi. Sasa nije nimwone kwenye kioo, wageni wanamsoma huku wanakula keki?"

"Umelisoma?"

"Kurasa mbili za katikati. Mwandiko haukuwa wake tena. Nikafunga."

Alisimama, akaenda kwenye kabati la vitabu vinavyosubiri kujalidiwa, akarudi na kifurushi cha karatasi ya kaki kilichofungwa kwa uzi. Juu yake palikuwa na kikaratasi cha kuazima. Tarehe, saa, jina lake kamili na sahihi. Hata kuiba hakuweza bila kujiandikisha. Inspekta alikibandika kikaratasi kile kwenye daftari lake.

"Lazima nilifungue," alisema. "Nithibitishe ndilo."

"Najua. Fungua wewe."

Mwandiko ulianza mdogo na wima, ule ule uliotia sahihi cheti chake. Kufikia katikati ulikuwa umetanuka, unapanda na kushuka. Kwenye ukurasa mmoja Mzee alikuwa ameandika kwa herufi za kitoto: *Ngazi kumi na saba. Mlango wa tatu. Mama mwenye funguo, mwamini. Mama wa vitabu, mwamini. Ukisahau majina yao usiwaulize, wataumia.* Na wiki mbili mbele: *Leo nimepotea nikaingia kwa wafua nguo wa bweni, nikawahutubia. Walipiga makofi. Mama mwenye funguo akaja kunichukua. Hakucheka mpaka nilipocheka mimi.*

Inspekta aligeuza daftari, akamsukumia Shii juu ya meza. Mkutubi alisoma ule ukurasa wa ngazi kumi na saba, akausoma tena. Machozi yakamtoka, hakuyafuta. Mwanafunzi mmoja aliinua kichwa kutazama, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyemwambia shii.

Saa saba na nusu walikuwa wanne kwenye chumba cha juu. Mhandisi alisimama dirishani na daftari la baba yake. Shii alikaa kwenye kiti cha mezani. Mama Funguo alibaki mlangoni. Inspekta alisema alichokuwa nacho kwa sentensi tano, bila kupamba, kwa majina na saa, kama atakavyoandika.

"Uongo siandiki," alimalizia. "Lakini mali hii ina mwenyewe, na mwenyewe ndiye anayejua kama ameibiwa."

Mhandisi alisoma muda mrefu. Waliosubiri walisikia kurasa tu, na feni ya chini. Msajili alipoingia, saa nane kasoro dakika kumi, alikuta hakuna anayemgeukia.

"Limepatikana?" aliuliza. "Nani alikuwa nalo?"

"Mimi," Shii alisema. "Nitakuja mwenyewe kuwaeleza kamati. Mama huyu hakugusa kitu."

"Lakini ufunguo..."

"Ufunguo niliuacha msumarini," alisema Mama Funguo. "Hilo ni kosa langu, niandikie barua ya onyo. Sijawahi kupata hata moja, nitaitundika ukutani."

"Uliniambia haujawahi kutoka kiunoni," Inspekta alimkumbusha. "Na rafu iko vile vile."

"Nilisema hivyo? Basi ni uzee, mwanangu."

Mhandisi alitoa karatasi kwenye begi lake, akaandika mistari mitatu juu ya meza ya baba yake, akampa Msajili. Familia inaliondoa daftari jeusi kwenye vitu ilivyokiazima chuo. Familia haina malalamiko juu ya mtu yeyote.

"Na Jumamosi?" Msajili aliuliza. Kwa mara ya kwanza siku ile alionekana mtu aliyechoka tu, mwenye wageni mia tatu na meza tupu. "Nimeshawaambia watu kuna kitu cha kuona."

"Waonyeshe vitabu," Inspekta alisema. "Waambie vya juu ni vipi na vya chini ni vipi. Mama Funguo atavirudisha mahali pake, anajua."

Msajili akaweka funguo mezani. Shii akainuka, akanyoosha sketi yake, akamtangulia kwenda kwa kamati. Alijua wanakwenda kumwambia astaafu kweli safari hii, na alitembea polepole, anazihesabu ngazi.

Inspekta alikuwa amekwisha kufunga daftari lake. Kazi ilikuwa imeisha na angeweza kuondoka, ila mhandisi alikuwa bado hajatoka dirishani.

"Mngeniambia," alisema, bila kugeuka. "Nilikuwa mtoto wake."

"Ndiyo maana alitukataza," Mama Funguo alijibu.

"Ile wiki niliyokuja. Tulikaa wote hapa. Aliniuliza habari za madaraja, za barabara, nikaona mzee yuko sawa. Baadaye ndiyo nikaja kufikiri kwamba hakuniita jina hata mara moja." Sauti yake ilikuwa imekuwa ndogo. "Niambie ukweli, Mama. Alinijua?"

Mama Funguo alikuwa tayari kupoteza nyumba kuliko kujibu swali kama lile. Inspekta alimwona anaingia ndani ya chumba na kurudishia mlango nyuma yake.

"Hapana, mwanangu," alisema. "Hakukujua. Lakini ulipoondoka aliniuliza, yule kijana mwenye adabu ni mtoto wa nani? Nikamwambia ni wako. Alifurahi mpaka jioni. Kesho yake akaniuliza tena, nikamwambia tena, akafurahi vile vile."